Wafadhili wanataka kutujengea chumba cha upasuaji: tukubali?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa bodi ya kituo cha afya cha kanisa vijijini Kasulu, mkoani Kigoma. Wenyeji wanakiita hospitali, na sisi tungependa siku moja kiwe hospitali kweli. Tunazalisha akina mama kama mia moja kwa mwezi. Anayehitaji kupasuliwa tunampakia kwenye gari, na si wote wanaofika. Marafiki wa kanisa kutoka Ulaya wameahidi kutujengea chumba cha upasuaji na wodi mpya ya wazazi, na kututumia kontena la vifaa. Bodi imegawanyika. Wapo wanaosema tushukuru na tupige makofi, wapo wanaosema wageni wakiondoka tutabaki na jengo la popo. Nani yuko sahihi? Kikao ni mwezi ujao.

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Swali lako nimelisoma mara tatu, hasa pale uliposema si wote wanaofika.

Wenye makofi na wenye hofu ya popo wote wana ushahidi. Nimekuwa katibu wa hospitali za mashirika ya dini kwa miaka ishirini na ushee, kwanza Tabora, kisha huku Kigoma. Nimefungua wodi zilizojaa wiki ile ile, na nimetunza funguo za jengo ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kulazwa ndani yake. Ushauri wangu ni kwamba mkubali. Ila jembe la kwanza lisiguse ardhi kabla bodi haijajua, kwa jina, ni nani atampa mama dawa ya usingizi saa nane za usiku, na nani atakuwa anamlipa mtu huyo mwaka wa nne, wafadhili wakiwa wameshageukia kazi nyingine.

Nianze na popo, maana hofu hiyo haikutoka hewani.

Hospitali moja niliyoifanyia kazi mkoani Tabora ilitumiwa kontena na marafiki wa Ulaya, watu wema kabisa, waliolipakia kwa mikono yao wenyewe. Lilikaa bandarini Dar es Salaam wiki nyingi kwa sababu karatasi za msamaha wa kodi hazikuwa zimekamilika, na tozo za kuhifadhi mzigo zikawa zinapanda kila siku. Tulizilipa kwa fedha iliyokuwa ya dawa. Kontena lilipofika tulilipokea kwa ngoma na vigelegele. Vitanda vilikuwa vizuri, vikaingia wodini siku ile ile. Lakini mashine ya eksirei ilihitaji umeme wa fezi tatu, na sisi tulikuwa na fezi moja. Dawa nyingi zilikuwa zimebakiza miezi michache kuisha muda, na maelezo yake yameandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu hospitalini aliyeweza kuisoma. Zilipoisha muda hatukuweza kuzitupa shimoni kama maganda ya mihogo, kwa sababu kuteketeza dawa kuna utaratibu wake, kunasimamiwa, na kunalipiwa. Kwa hiyo zawadi ile tuliilipia mara mbili, ilipoingia na ilipotoka. Saini ya kuipokea ilikuwa yangu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza tunahitaji nini, na mimi sikuwa nimethubutu kusema.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2011 watafiti wawili, Perry na Malkin, walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka hospitali za nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Vingi havikuwa vibovu vya kutupwa. Palikosekana mtu aliyefundishwa kuvitumia, au fundi wa kuvitengeneza, au kipuri, au umeme unaovifaa. Na wewe unakumbuka umeme wa mkoa wetu ulivyokuwa, miaka yote ile tuliyoendeshwa kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa. Mashine nyingi zimeungua Kigoma kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo.

Basi kuhusu kontena, waandikieni wafadhili mapema, kabla hawajaanza kupakia, muombe orodha ya kila kifaa: jina la mashine, mwaka wake, umeme inaotumia, na vipuri vyake vinauzwa wapi. Dawa ni bora wasitume kabisa. Fedha hiyo itanunua dawa zinazofahamika hapa hapa nchini. Wakisisitiza, Shirika la Afya Duniani lina miongozo ya dawa za msaada, na mojawapo inasema dawa ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Kibali cha TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, kitafutwe mzigo ukiwa bado kwao. Eksirei yoyote lazima ipite kwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Na bodi iandike waziwazi kwamba ina haki ya kukataa kitu kimoja kimoja katika orodha bila kuonekana imekataa urafiki. Marafiki wa kweli hawachukii jambo hilo. Wengi hushukuru, kwa kuwa hata kwao kupakia kontena ni gharama kubwa.

Sasa makofi, maana nayo yana haki yake, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua umetokea katika mkoa wetu huu huu. Kuanzia 2006 taasisi ya Bloomberg Philanthropies ya Marekani iliweka fedha zake Kigoma ili akina mama wa vijijini waweze kupasuliwa kwenye vituo vya afya vya karibu, badala ya kusafirishwa hadi hospitali ya mkoa ya Maweni au hospitali za wilaya. Shirika la Kitanzania la Thamini Uhai likaja kuwa miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo pamoja na serikali. Majengo yalikarabatiwa, ndiyo, lakini kilichonivutia mimi kilikuwa upande wa watu. Walichukua madaktari wasaidizi, matabibu na wauguzi ambao tayari walikuwa watumishi wa vituo hivyo, wakawafundisha upasuaji wa uzazi wa dharura na utoaji wa dawa za usingizi. Mafunzo yalikuwa ya miezi, si ya miaka mingi kama ya daktari bingwa. Wakarudi kwenye vituo vyao, kwenye mshahara ule ule wa serikali. Mfadhili alilipia ujuzi, mwajiri akaendelea kulipia mtu. Mradi ulipokabidhiwa kwa serikali, ujuzi haukukabidhiwa kwa mtu yeyote, ulikuwa umeshakaa mikononi mwa wenyewe.

Watu wakiwa wameajiriwa tayari, mradi unawaongezea kitu. Wakiwa wameletwa na mradi, wanaondoka na mradi. Si lazima uangalie mbali kuona hilo: Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo vingi nchini vilishtuka kuona watumishi wa CTC, yaani kliniki za wanaoishi na VVU, waliokuwa wanalipwa na miradi, wanaambiwa wakae nyumbani. Walikuwa wakifanya kazi nzuri, na wagonjwa waliwapenda. Kosa halikuwa lao. Hakuna aliyekuwa amewapangia nafasi katika ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi wa kudumu.

Nirudi kwenye kituo chenu, tupige hesabu kama ulivyokuwa ukiwafundisha wanafunzi wako. Akina mama mia moja kwa mwezi ni 1,200 kwa mwaka. Kwa muda mrefu miongozo ya kimataifa imekadiria kwamba kati ya mama 5 na 15 katika kila 100 watahitaji upasuaji. Kwenu ni mama 60 hadi 180 kwa mwaka, yaani watano hadi kumi na watano kwa mwezi. Idadi hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba hawaji kwa ratiba. Anaweza kuja mmoja Jumatatu asubuhi na wawili usiku wa mkesha wa Pasaka. Ili mlango wa thieta usiwe na kufuli saa ishirini na nne, mpasuaji mmoja hatoshi: anaumwa, anafiwa, anaitwa mafunzoni Dodoma. Mnahitaji wawili wa kupasua na wawili wa usingizi, wauguzi wa thieta wa zamu zote, na mtu wa kuendesha otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa, anayejua kwamba kifaa kilichochemka si kifaa kilichotakaswa. Na msisahau kwamba habari zikienea kuwa mnapasua, zahanati za jirani zitaanza kuwaletea wagonjwa wao. Ile mia moja haitabaki mia moja.

Baada ya watu yanakuja yale yanayoisha kila wiki: nyuzi za kushonea, glavu, dawa ya ganzi ya mgongo, magnesiamu kwa ajili ya kifafa cha mimba, oksitosini inayotaka friji lisilozimika, oksijeni, dizeli. Maji pia. Nimeona thieta nzuri, ya vigae hadi darini, ambayo wauguzi wake walinawa kwa maji ya ndoo kutoka mtoni. Matangi ya kuvuna maji ya mvua, kwa mvua tulizo nazo Kasulu, ni bei ndogo sana ukilinganisha na vigae. Wafadhili wakikuuliza wapunguze wapi, waambie wapunguze vigae.

Halafu kuna damu, na hapa nakuomba usome polepole. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa zinazotuulia akina mama. Mtu anaweza kupasuliwa vizuri, mtoto akalia, mama akafa nusu saa baadaye kwa kukosa chupa mbili za damu. Sisi wa Kigoma tuko katika Kanda ya Magharibi ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na makao ya kanda yako Tabora. Kabla ya kuomba meza ya upasuaji, mpelekeeni Mganga Mkuu wa Wilaya swali hili: damu iliyopimwa itatufikiaje, mara ngapi kwa mwezi, na sisi tutachangisha vipi? Hapa ndipo mwalimu mstaafu ana nguvu kuliko mfadhili yeyote. Wanafunzi wako wa zamani ndio wachangiaji damu, na shule za sekondari ndizo zinazojaza mifuko. Muombeni mfadhili friji la damu na mafunzo ya mtaalamu wenu wa maabara. Kazi ya kujaza friji ni yenu.

Sasa suala ambalo bodi nyingi hulikwepa kwa aibu: mama atalipa nini? Katika vituo vya serikali, sera inasema huduma za uzazi ni bure. Kituo cha kanisa kisicho na mkataba hakilipwi na mtu kwa ajili ya sera hiyo, kwa hiyo kinamtoza mama. Mkulima wa maharage anayeambiwa alipie upasuaji hatakuja mapema. Atasubiri nyumbani mpaka hali iwe mbaya, kisha atakuja na mgonjwa aliyechelewa. Mtakuwa mmejenga thieta karibu na watu, na bei itakuwa imeirudisha mbali.

Njia ninayoiamini ni mkataba wa utoaji huduma kati ya mmiliki, yaani dayosisi yenu, na halmashauri. Chini ya mkataba kama huo serikali inaweza kuwaleteeni watumishi inaowalipa yenyewe, na kituo kinaweza kuingizwa kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, kikapata sehemu ya Mfuko wa Pamoja wa Afya. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 fedha za mfuko huo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hazizungukii tena halmashauri kama zamani. Mkataba huchukua muda, na fedha hazifiki kila mara kwa wakati. Nimekaa nje ya ofisi za halmashauri mpaka nikajua majina ya watoto wa makatibu muhtasi. Lakini ni mkataba unaobaki mfadhili akiondoka. Muulizeni Askofu kama dayosisi iko tayari kuusaini na kufungua vitabu vyake, maana halmashauri itataka kuviona. Upande wa bima, sajilini kituo na mfuatilie madai kila mwezi bila kukosa. Kwa uzoefu wangu, hospitali ya dini hupoteza fedha nyingi zaidi kwa fomu za madai zilizojazwa vibaya kuliko kwa wizi.

Wazee wa Buha, nchi yetu hii ya Waha, walikuwa na ubugabire. Tajiri wa ng'ombe anakukabidhi ng'ombe, unakunywa maziwa, unapata samadi, na wewe unawajibika kwake. Hakuna mzee mwenye akili aliyepokea ng'ombe kabla ya kuangalia malisho yake na nguvu ya watoto wake wa kuchunga. Wala hakuona haya kusema, "Mzee, mwaka huu nipe ndama, si ng'ombe." Bodi yenu ina ruhusa ya kusema hivyo hivyo kwa wafadhili. Wao wanapenda jengo kwa sababu wanaweza kulipiga picha na kuwaonyesha waumini wao waliochanga, na siwalaumu. Yule bibi wa kule aliyetoa sehemu ya pensheni yake anastahili kuona alichokitoa. Kazi yenu ni kumsaidia aone kitu sahihi. Picha ya muuguzi wenu akiwa na cheti cha dawa za usingizi, mbele ya mama na mtoto aliowasaidia, ni picha nzuri pia.

Kwa hiyo ningewapelekea pendekezo lenye umbo tofauti na lile waliloahidi. Mwaka wa kwanza, wasomesheni watu wawili waliopo tayari kazini kwenu, mmoja wa upasuaji na mmoja wa usingizi, kwa makubaliano ya maandishi kwamba watarudi na kukaa miaka fulani. Wa pili wa kila kazi waombwe halmashauri kupitia ule mkataba. Wakati wako masomoni, jengeni. Msijenge wodi kubwa na thieta kwa pamoja; anzeni na thieta, maji na umeme wa akiba, na mtumie wodi mliyo nayo. Jengeni kwa mafundi wa hapa. Serikali ilipokarabati vituo vya afya nchi nzima miaka ya 2017 hadi 2020 kwa force akaunti, yaani kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, ilitumia shilingi milioni 400 hadi 500 kwa kituo, ikapata thieta, wodi ya wazazi, maabara na nyumba ya mtumishi, fedha nyingine zikiwa zimetoka Benki ya Dunia na Canada. Bei zimepanda tangu hapo, lakini mkiona makadirio ya mfadhili yamezidi hapo mara tatu, ulizeni kwa nini. Mwisho, waombeni wachangie gharama za kuendesha kwa miaka mitano kwa kiwango kinachoshuka: mwaka wa kwanza sehemu kubwa, wa tano kidogo sana, na kila mwaka halmashauri, bima na kituo vipandishe vyao. Waandike hayo kwenye hati ya makubaliano, yenye tarehe. Mfadhili anayekubali jengo na kukataa kipengele hicho amewaambia jambo muhimu, mlisikilize.

Mkiona yote haya ni mazito kwa sasa, kuna njia ndogo isiyo ya aibu. Nyumba ya kusubiria akina mama wenye dalili za hatari, ijengwe karibu na hospitali inayopasua tayari, pamoja na mpango mzuri wa usafiri. Namba 115 ya m-mama, ambayo ni bure, inaunganisha vituo na madereva wa jamii, na walioanzisha mpango huo nao walikuwa wafadhili. Mama anayefika wiki moja kabla ya uchungu hahitaji kukimbizwa usiku. Kwa vituo vingine nimewashauri waanzie hapo, na wengine wameishia hapo kwa faida.

Ukifika kikaoni na wakasema msaada wa wageni haujawahi kudumu katika nchi hii, wasimulie habari za Adrian Atiman. Alizaliwa huko Mali ya leo, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, wakamsomesha udaktari Malta kwa fedha za watu wasiowahi kuliona Ziwa Tanganyika. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini kwetu kwenye ziwa hili hili, akaoa hapo, akajifunza na dawa za wenyeji, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Hakuna jengo la msaada ninalolijua mwambao mzima lililofanya kazi muda mrefu hivyo.

Jambo dogo la mwisho, ambalo huwa halimo kwenye michoro ya wahandisi. Mkishampata muuguzi atakayesomea usingizi, msimuulize tu kama atarudi. Muulizeni anaishi wapi, na watoto wake wanasoma wapi. Kama amepanga chumba ng'ambo ya mto, na mvua za masika zinafunga njia, basi nyumba yake ya vyumba viwili, hatua hamsini kutoka thieta, iingizwe kwenye bajeti kabla ya taa ya upasuaji.